Tulienda Disney World 2012, sasa tunarudi na bibi: tuanzie wapi?

Swali: Asalaam aleikum kaka. Sisi ni watu wa Tanga, tunakaa Columbus, Ohio. Agosti 2012 mimi na mume wangu tulimpeleka kijana wetu Disney World kule Orlando akiwa na miaka 2, tukafurahi sana, hatujarudi tena. Sasa yeye ana miaka 15, tuna binti wa miaka 6 (nimempima, sentimita 110), na mama yangu mzazi yupo nasi mpaka Februari, ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Tunataka kwenda wiki ya Krismasi shule zikifungwa. Nimezikuta pia tiketi zetu za zamani, zilikuwa za siku 5 tukatumia 3. Mume wangu anasema hakuna haja ya kupanga sana, pale tunapajua. Ni kweli?

Waaleikum salaam dada yangu, na mama umfikishie shikamoo yangu.

Nianze na shemeji. Shemeji anapajua, sawa, ila anayoijua ni ile ya 2012 na ile ya 2012 imeshaondoka. Mimi nakaa Kissimmee hapa jirani, kazi yangu ni kupangia familia safari hizi, na nakwambia ukweli wanaoumia sana siyo wageni wa mara ya kwanza. Mgeni anaogopa, anauliza, anasoma, anakuja amejipanga. Anayeumia ni yule aliyewahi kufika zamani, anatua getini saa 4 asubuhi na familia yake, anaangaza macho kutafuta ile mashine ya kutoa kikaratasi cha kukuwahisha foleni, haioni, anauliza, anaambiwa fungua simu, anafungua simu anakuta nafasi za ile bembea anayoitaka zimeisha tangu siku tatu nyuma. Watoto wanamuangalia, jua linawaka, na hela ameshalipa.

(Nikisema bembea hapa nina maana ya kitu chochote cha kupanda na kuendeshwa, kiwe treni ya kushuka kwa kasi, mashua au kigari, ndivyo tulivyokuwa tunaita toka nyumbani.)

Kumbuka mlivyosafiri 2012. Mlitua uwanja wa ndege mkapanda basi la bure la Disney mpaka hotelini, mabegi yakawafuata yenyewe chumbani. Lile basi lilisimama Januari 2022, sasa ni Uber, teksi, basi la kulipia au gari la kukodi. Vile vikaratasi vilianza 1999, mwaka 2014 vikahamia kwenye simu na bado vilikuwa bure, corona ilipofunga bustani za Disney (zipo nne: Magic Kingdom, Animal Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios) Machi 2020 vikafa moja kwa moja, na Oktoba 2021 ikaja huduma ya kulipia. Tangu Julai 2024 inaitwa Lightning Lane, nitaieleza chini. Na tiketi, mwaka ule ya siku moja mtu mzima ilikuwa dola 89, uende Jumanne ya baridi au siku ya sikukuu ni ile ile. Tangu Oktoba 2018 bei inafuata tarehe. Mwaka 2025 ilianzia dola 119 siku za chini kabisa kule Animal Kingdom, ikapanda mpaka 199 Magic Kingdom siku za sikukuu, kodi bado. Kwa hiyo tarehe ndiyo inayoamua mtalipa ngapi na foleni mtaikuta vipi, tuanze nayo hiyo.

Dada, wiki ya Krismasi achana nayo. Kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya ndiyo siku zenye watu wengi na bei kubwa kuliko karibu siku zote za mwaka, na wewe una mtu wa miaka 71. Mimi ningewatoa watoto shule siku nne tu, nikaenda wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba. Thanksgiving imepita, shule nyingi bado zinasoma, mapambo ya Krismasi yameshawekwa kila mahali, hali ya hewa nzuri, mchana joto la kawaida usiku sweta. Joto la Florida la Agosti mama angelistahimili maana Tanga analijua, lakini Tanga hakuna mtu anayetembea kilomita kumi saa 8 mchana juu ya lami. Kijana yupo sekondari, ongea na walimu wake mapema wampe kazi za kufanya. Ikishindikana kabisa, wiki ya mwisho ya Januari, mama atakuwa bado yupo, ila mwanzoni mwa Januari mkwepe, kuna mbio za marathoni, barabara zinafungwa asubuhi na hoteli zinajaa.

Kitu kimoja cha Desemba watu wengi hawakijui. Magic Kingdom kuna usiku wana sherehe ya Krismasi ya tiketi yake maalumu, na siku hizo mwenye tiketi ya kawaida anatolewa saa 12 jioni. Watu wengi hawataki kutolewa mapema kwa hiyo wanaikwepa siku hiyo, na mchana wake unakuwa mwepesi kweli. Ninyi mna bibi na mtoto mdogo, saa 12 mtakuwa mmeshachoka kabisa. Chagueni siku ya sherehe kwa ajili ya Magic Kingdom, mtapanda bembea nyingi bila kulipia Lightning Lane. Kasoro ni moja, fataki za usiku hamtaziona. Kama fataki ni lazima basi fanyeni kinyume chake, siku isiyo na sherehe, mwende hotelini mchana mlale, mrudi jioni. Lile gwaride la taa mlilolikuta 2012 liliondoka 2016, ila tangu Julai 2025 kuna jipya la usiku linaitwa Starlight, nalo linapita kule kule Main Street, barabara kuu ya Magic Kingdom.

Tiketi zenu za zamani. Hapa inategemea neno moja. Miaka ile ukinunua tiketi ya siku nyingi ulikuwa unaweza kuongeza hela kidogo isiishe muda. Kama mliongeza, zile siku 2 bado ni zenu mpaka leo, hata zikikaa miaka mingine kumi. Kama hamkuongeza, ilikufa siku 14 baada ya kuitumia mara ya kwanza, na kwa kuwa mlishaitumia siku 3 haiwezi kugeuzwa kuwa hela ya tiketi mpya, hiyo nafasi wanaipata wenye tiketi ambayo haijaguswa kabisa. Angalia mgongoni kama kuna maneno ya kutoisha muda, piga picha mbele na nyuma, kisha piga simu Disney wenyewe uwasomee namba waiangalie. Usimtumie mtu yeyote ile picha, hata mimi, maana ile namba ndiyo hela yenyewe. Na ikikubali, kumbuka kijana wakati ule alikuwa chini ya miaka 3 kwa hiyo aliingia bure, hakuwa na tiketi. Kuanzia miaka 3 mpaka 9 ni bei ya mtoto, 10 kwenda juu ni mtu mzima. Kijana ni mtu mzima sasa dada, jiandae.

Malazi. Mpo watu 5, na vyumba vingi vya hoteli zao za bei nafuu ni vya watu 4. Watu wanaligundua hili wakati wa kulipa. Njia zipo tatu: vyumba viwili Pop Century, chumba kikubwa cha familia pale Art of Animation kinacholala 6 na kina mabafu mawili, au mkodi nyumba huku kwetu Kissimmee yenye jiko mpike pilau lenu. Waswahili wengi wanachukua nyumba na ninawaelewa, jiko ni jiko. Lakini kwa safari hii, kwa ajili ya magoti ya mama, mimi ningekaa ndani ya Disney. Mkiwa Kissimmee kila siku ni kuendesha, kulipa maegesho, kutembea kutoka kwenye gari mpaka getini, na Magic Kingdom ndiyo balaa maana ukiegesha unapanda tena treni ya juu au feri ndiyo ufike. Mkikaa hoteli yao basi la bure linawashusha mlangoni kabisa. Mnaingia pia dakika 30 kabla ya wengine kila siku bustani zote, na mnaruhusiwa kubuku Lightning Lane siku 7 kabla, wa nje wanangoja siku 3. Pop na Art of Animation zinatumia kituo kimoja cha Skyliner, yale magari ya kwenye waya yaliyofunguliwa Septemba 2019, yanakupeleka EPCOT na Hollywood Studios huku unaangalia chini. Mama akichoka saa 7 mchana anarudi chumbani, anaswali adhuhuri yake kwa utulivu, ananyoosha miguu, jioni anatoka mtu mpya. Ukipiga hesabu ya maegesho ya siku nne na muda mnaookoa, tofauti ya bei inapungua sana.

Sasa Lightning Lane. Kwa kifupi ni kulipia foleni fupi, na ziko aina mbili za kuangalia. Ya kwanza inaitwa Multi Pass, unalipa kwa kila kichwa kwa siku, bei kutegemea bustani na tarehe, unachagua bembea tatu kabla hujaenda, na ukishatumia moja unaongeza nyingine. Ya pili ni Single Pass, unalipia bembea moja kubwa peke yake, kama TRON, Guardians of the Galaxy, Rise of the Resistance au ile ya Pandora, eneo la filamu ya Avatar ndani ya Animal Kingdom. Ukikaa hotelini kwao siku yako inafunguka siku ya 7 kabla ya kufika, saa 1 asubuhi kwa saa za Orlando ambazo ni sawa na za Columbus. Saa 12 na dakika 50 uwe umekaa mezani na chai yako, simu imejaa chaji, programu ya My Disney Experience imeshafunguliwa, majina ya watu wote 5 yameshaingizwa na tiketi zimeunganishwa, kadi ya benki imeshawekwa. Ukianza kuingiza jina la bibi saa 1 kamili umeshachelewa. Inapofunguka gusa kwanza ile mnayoitaka zaidi, usianze na ya asubuhi eti kwa sababu ni asubuhi. Mkichagua siku ya sherehe kule Magic Kingdom, na mkawahi Animal Kingdom asubuhi, huko kote msinunue Multi Pass. Inunueni EPCOT peke yake, na kwa Hollywood Studios nitasema.

Bibi. Hapa naomba unisikilize vizuri dada, maana ndiyo swali lako lenyewe ingawa umeliandika mstari mmoja.

Kwanza, ile huduma ya watu wenye ulemavu ya kutosimama foleni ilibadilishwa Mei 2024. Sasa inalenga zaidi wenye hali kama usonji, wasioweza kustahimili kukaa kwenye foleni, na unahojiwa kwa video. Magoti hayaingii humo. Mtu wa magoti wanamtarajia awe na kiti cha magurudumu, na foleni nyingi kiti kinapita vizuri. Kwa hiyo kiti ni lazima. Najua mama zetu, atasema "mimi mzima, sitaki kusukumwa kama mgonjwa". Mimi shangazi yangu wa Pangani alikataa hivyo hivyo, tukamheshimu, tukaingia. Saa 6 kasoro nilimkuta amekaa kwenye benchi, viatu amevivua ameviweka pembeni vizuri, khanga ameitandika magotini, ananiambia "nyie nendeni mwanangu, mimi nawangoja hapa hapa", na siku nzima iliyobaki alikaa pale akiangalia watu wanapita. Sikumlazimisha kwa adabu, na adabu ile ilimnyima siku yake. Wewe usimuulize kama anataka kiti. Kodi kiti kiwepo, weka mkoba wa chakula na maji juu yake, mwambie hiki ni cha kubebea mizigo, ukichoka utakaa. Saa ya pili atakaa mwenyewe, na mjukuu wa miaka 15 ndiye msukumaji, mpe hiyo kazi rasmi.

Kodi kiti kwenye kampuni ya nje kwa wiki nzima mkitumie mpaka hotelini. Ukikodi ndani ya bustani hakitoki getini, na kutoka getini mpaka kituo cha basi ndipo miguu inapokuwa imeshakwisha. Kama ana dawa ya kukaa baridi, kila bustani ina chumba cha huduma ya kwanza watakutunzia.

Vitu vya bibi Magic Kingdom vipo vingi kuliko mnavyodhani, na vingi ni vya tangu zamani. Small World, mashua za pole pole, kiti chake kinaweza kuingia kwenye mashua maalumu. Carousel of Progress, anakaa tu na viti vyenyewe vinazungushwa kutoka jukwaa moja mpaka jingine na baridi ya AC inapuliza. PeopleMover ya 1975, kigari kinachopita juu juu ya Tomorrowland, hii inabidi asimame na kukanyaga mkanda unaotembea kwa hiyo shemeji amshike mkono.

Lakini siku ya bibi ni Animal Kingdom, na safari yote ningeijenga kuizunguka siku hii. 2012 mlipita pale na mtoto mgongoni, sidhani kama mlisoma vibao. Ukiingia unauona ule mti mkubwa, unashika kushoto unavuka daraja, na ghafla unaingia kijiji kinaitwa Harambe. Ni harambee yetu, e moja imedondoka tu. Wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde waliichukua sura yake Lamu, na mtu wa pwani ataiona hapo hapo: kuta za chokaa zilizobabuka makusudi, mabati yenye kutu ya kupaka, matangazo ya Kiswahili ukutani, kuna mahali pameandikwa Uhuru na mwaka 1961. Bustani ilifunguliwa 1998, kwa hiyo huo uchakavu ni wa mkono wa fundi. Kuna duka la Mombasa Marketplace, kibanda cha vitu baridi kinaitwa Tamu Tamu, cha kahawa na keki kinaitwa Kusafiri. Na kuna Dawa Bar, huyu mama mwambie mapema kwamba ni baa ya pombe, asije akaelekea kutafuta dawa ya magoti. Mwache asome. Usimharakishe. Mtu ametoka Tanga miezi kadhaa, kila kibao anachokiona Ohio ni Kiingereza, halafu anasukumwa na mjukuu wake kona moja anakuta maneno yake yameandikwa ukutani Marekani. Nimeliona hilo kwa wamama watano sita na kila mmoja alianza kusoma kwa sauti, na wajukuu wasiojua Kiswahili vizuri wakaanza kumuuliza maana yake nini hii bibi, na hii, na hii. Bibi aliyekuwa mzigo tangu asubuhi akawa ndiye mwalimu. Wafanyakazi wa pale vibao vyao vya majina vinaonyesha mtu anatoka wapi, wengine ni wa kusini mwa Afrika, wasalimieni.

Kutoka hapo mnaingia Kilimanjaro Safaris, lori la wazi linalozunguka mbuga ya hekta kama 45, tembo, twiga, faru, simba, viboko, hata okapi wa Congo. Nendeni mapema kabisa asubuhi, wanyama wametoka na simba hajalala. Njia ina mashimo ya kutengenezwa kwa hiyo mama akae na mto mdogo mgongoni, na ajue kwamba akitumia kiti cha magurudumu kuna lori lenye nafasi yake, haina haja ya kumnyanyua. Wako watakaokucheka, kwamba mnatoka nchi ya Serengeti mnalipa dola kuangalia tembo Florida. Usiwasikilize. Wengi wetu tuliokulia pwani hatujawahi kufika Serengeti, Mikumi kwenyewe tuliiona kwa dirisha la basi. Shangazi yangu yule, safari ya pili nilipompeleka na kiti, tembo wake wa kwanza maishani alimuona pale, akashika mkono wangu hakuuachia mpaka lori lilipopinda.

Mkimaliza kuna ile njia ya kutembea ya sokwe wakubwa. 2012 iliitwa Pangani, nyie watu wa Tanga mngeikumbuka, tangu 2016 inaitwa Gorilla Falls. Halafu onyesho la Lion King, 2012 lilikuwa upande mwingine kabisa, eneo lile likavunjwa kupisha Pandora na tangu 2014 lipo hapo hapo Harambe, ukumbi una AC, kila mtu amekaa, binti atapenda. Mchana mtoke, pandeni basi la bure liendalo Animal Kingdom Lodge. Hamhitaji kulala pale, ni ghali, ila kuingia kutembea na kula ni ruhusa. Shukeni upande wa Kidani Village, buku mapema mkahawa unaitwa Sanaa, madirisha yake yanaangalia uwanda ambao pundamilia na twiga wanatembea, na agizeni ile sahani ya mikate ya naan na chatne zake nyingi, watu wa pwani hiyo ni lugha yetu. Swali la halali ulizeni wakati wa kubuku na mkifika mrudie tena. Meza zinafunguliwa siku 60 kabla, zamani ilikuwa 180, usilale. Ukikosa, endelea kuchungulia kwenye programu, watu wanafuta sana siku moja mbili kabla.

Binti. Sentimita 110 ni kipimo cha katikati, ujiandae nacho. Anaingia kote kunakotaka inchi 38, 40 na 42, kwa hiyo treni ya Seven Dwarfs anapanda, Slinky Dog, Tiana's Bayou Adventure na hata Guardians ingawa ile ina kishindo. Haingii kwenye inchi 44, yaani kama 112: Space Mountain, Expedition Everest na Flight of Passage kule Pandora. TRON ni 122, asahau kwa sasa. Sentimita mbili zinauma mtoto akizikosa mbele ya kijiti cha kupimia huku kaka yake anapita, kwa hiyo mwambieni nyumbani, si pale, na mpange tangu mwanzo atafanya nini muda huo. Viatu vya kuongezea urefu msimvalishe, kile kipimo ni cha mikanda kumshika. Kuna utaratibu wa kubadilishana, mmoja wenu anapanda na kijana, mwingine anabaki na mtoto, kisha yule aliyebaki naye anapanda bila kupanga foleni upya. Omba kwa mfanyakazi aliyesimama mwanzo wa foleni.

Kijana naye mmpe siku yake. Hollywood Studios kuna eneo la Star Wars lililofunguliwa Agosti 2019, kubwa, na Rise of the Resistance ndani yake. Ningeshauri shemeji na kijana waende wawili tu, Skyliner mpaka mlangoni, wanunue Multi Pass yao, wewe na mama na binti mbaki hotelini kwenye bwawa. Kwa hiyo wao wanunue tiketi za siku 4, nyie za siku 3, na msichukue ile ya kuruka bustani mbili kwa siku. Mpango: siku ya kwanza Magic Kingdom ya siku ya sherehe, ya pili Hollywood Studios kwa wanaume na bwawa kwenu, ya tatu Animal Kingdom na Sanaa, ya nne EPCOT kuanzia mchana. EPCOT ile duara ya nchi 11 ni karibu kilomita 2, sukumeni taratibu, mkifika Morocco mama aangalie zile kazi za vigae, mafundi waliletwa na mfalme Hassan II. Mashua ya Norway mliyopanda imekuwa ya Frozen tangu 2016, muwekeeni binti kwenye Multi Pass.

Na yale ambayo shemeji atayatafuta asiyaone, ayajue sasa hivi: Splash Mountain ilifungwa Januari 2023 na ndiyo iliyogeuzwa kuwa ya Tiana, mto wa Magic Kingdom na ile meli ya gurudumu vilifungwa Julai 2025, ile bembea ya filamu za zamani Hollywood Studios iliondoka 2017, na Downtown Disney inaitwa Disney Springs tangu 2015. Na ile bembea ya Dinosaur ilifungwa mwanzoni mwa Februari 2026.

Chakula cha kutoka nyumbani mnaruhusiwa kuingia nacho, ilimradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha, mama ataamka alfajiri apange na atafurahi kuwa na kazi. Maji ya baridi yenye barafu vibanda vingi vya vinywaji wanatoa bure ukiomba kikombe. Beba pawabenki mbili, simu ndiyo tiketi, ramani na oda ya chakula.

Wiki hii fanya mambo matatu: piga simu ya zile tiketi, chagua tarehe kwa kuangalia kalenda ya usiku wa sherehe, na buku Sanaa. Na mama mnunulie viatu vya raba sasa hivi aanze kuvivaa humo ndani ya nyumba, asije akavivaa vipya siku ya kwanza Orlando.